Gari Lisilo na Madigadi

Jioni hapa kwetu Manchira magari ni machache. Kinachosikika ni pikipiki. Inapanda kutoka upande wa bwawani, imebeba abiria na gunia la dagaa, na kabla haijatokeza kwenye kona wajukuu zangu wameshaitaja. "Boxer hiyo!" anasema mkubwa wao, wa kiume. Dada yake wa darasa la sita anatikisa kichwa. "TVS. Sikiliza inavyokohoa." Mdogo wao, ambaye bado anahesabu kwa vidole, anangoja tu kuona nani ataaibika.

Hakuna mwalimu aliyewafundisha hayo. Sisi wazee nasi tulikuwa hivyo hivyo kwa ng'ombe. Ndama wa jirani akichanganyika na wetu malishoni, hatukuhitaji kuambiwa ni wa nani. Tulitazama pembe zilivyopinda, baka la ubavuni, sikio lilivyochanwa, tukajua arudishwe boma gani. Jicho lililozoea kitu hukitambua hata kikiwa mbali.

Kwa hiyo siku niliyofungua sanduku la bati la marehemu baba yangu mkubwa na kukuta picha ile kuukuu chini ya vitambulisho na risiti za kodi, niliwaita watoto. Niliwaambia, "Nyie mnaotambua pikipiki kwa kikohozi, njooni mnitajie gari hili."

Nawe msomaji, sogea karibu. Picha yenyewe ni ya ukubwa wa kiganja, kingo zake zimekatwa kama mawimbi, rangi yake ni kijivu kinachoelekea kahawia. Katikati kuna gari dogo lililo wazi. Halina paa, halina milango, halina taa. Madigadi nayo yameondolewa, tairi zimebaki uchi kama miguu ya kuku aliyenyonyolewa. Ubavuni kuna duara jeupe lenye namba 8. Kwenye usukani ameketi Mzungu aliyevaa miwani mikubwa ya kuzuia vumbi. Kando yake amesimama kijana Mwafrika, kofia imemshukia hadi kwenye nyusi, na mkononi ana spana. Nyuma ya picha mtu ameandika kwa penseli maneno mawili tu: "Safari 1953".

Baba mkubwa alikwenda Kenya kutafuta kazi akiwa kijana, akaishia kwenye gereji upande wa Nakuru, akarudi nyumbani na sanduku hilo. Ungedhani basi kijana mwenye spana ni yeye. Hapana. Jambo hilo lilishakatwa zamani. Mama mkubwa, mjane wake, alipokuwa bado anaona vizuri aliitazama picha mara moja akasema, "Si yeye. Huyu ameshika chuma kwa mkono wa kulia, na mume wangu alikuwa mwenye shoto." Kweli alikuwa mwenye shoto. Alilima kwa shoto, alichinja kwa shoto, na utotoni wazee walimgombeza mpaka wakachoka wao. Hivyo kijana wa pichani akabaki mtu baki kwenye sanduku letu, na gari likabaki "gari la Mzungu".

Maandishi ya nyuma

Mjukuu mkubwa aligeuza picha, akasoma, akafurahi. "Babu, kazi imekwisha. Ni gari la mashindano ya Safari, mwaka 1953."

Nikamwambia polepole. Aliyeandika nyuma ya picha huenda hakuwepo ilipopigwa. Nikawasimulia habari ya kijana wa Kifaransa aliyeitwa Jacques Henri Lartigue, aliyezaliwa mwaka 1894 na kupenda kamera tangu utotoni. Siku moja alisimama kando ya barabara ya mashindano na kupiga gari likipita kwa kasi. Picha ilitoka ya ajabu: gurudumu limekuwa kama yai lililoinamia mbele, na watu waliosimama pembeni wanaonekana kulalia upande wa pili. Sababu ni kamera yenyewe. Ndani yake kulikuwa na pazia lenye ufa mwembamba, na ufa ule ulipita mbele ya bamba la picha kidogo kidogo. Sehemu moja ya gurudumu ilipigwa kwanza, nyingine baadaye, na gari halikusubiri. Naye Lartigue alikuwa akiigeuza kamera kulifuata gari, kwa hiyo waliosimama tuli ndio walioinama.

Picha hiyo ilipata sifa duniani, na kwa miaka mingi iliambatana na maelezo kwamba gari ni Delage na mwaka ni 1912. Baadaye watu wenye subira waliitazama upya. Nyuma ya gari ilionekana namba 6. Walipolinganisha namba ile na umbo la gari na kumbukumbu za mashindano, jibu lilikuwa jingine: lilikuwa gari la Schneider, katika mashindano makubwa ya Ufaransa ya mwaka 1913 yaliyofanyika Amiens. Mwaka ulikuwa umekosewa, na kampuni ya gari pia. Maandishi yalisema moja, na picha yenyewe ikasema jingine.

"Sasa," nikawauliza, "gari letu linaafikiana na maandishi yake?"

Mashindano ya Safari yalianza kweli mwaka 1953, kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, nchi yetu ilivyoitwa wakati huo. Lakini yalikuwa mashindano ya magari ya kawaida, yale yale yaliyouzwa madukani, na yalipangwa makundi kwa bei. Yalikimbia mchana na usiku, kwenye tope na vumbi, porini kwenye twiga na faru. Fikirini gari lisilo na taa wala madigadi usiku wa manane kwenye tope la Tanganyika. Dereva angefika amegeuka chungu cha udongo.

Wakacheka. Mjukuu wa kike akachukua daftari akaandika: *Maandishi ya nyuma yana shaka.* Hakuyafuta, na alifanya vyema. Maandishi ya zamani hayafutwi hata yakiwa na kosa, kwa sababu kosa nalo linaweza kutueleza jambo. Huenda aliyeandika alijua mwaka kwa kukisia, au alijua tu kwamba lilikuwa gari la mashindano.

Uso wa gari

Ng'ombe unamtambua kwa pembe. Gari la zamani unalitambua kwa rejeta. Siku hizi rejeta imefichwa ndani, lakini zamani ilikuwa uso wa gari, na kila kiwanda kilikuwa na uso wake.

Niliwachorea chini kwa kijiti. Bentley, gari la Waingereza lililoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mara tano kati ya mwaka 1924 na 1930, lilikuwa na herufi B yenye mabawa. MG ilizungushia herufi zake umbo la pembe nane. Alvis ya mji wa Coventry ilibeba pembetatu nyekundu iliyosimama kichwa chini miguu juu. Vauxhall ilikuwa na mifereji miwili iliyochongwa kwenye boneti, hata ukiziba jina lake kwa mkono bado unaijua. Na Bugatti, ambayo ni ya Ufaransa, uso wake ulikuwa kama kiatu cha farasi.

Tukachukua kioo cha kukuza tukatazama rejeta yetu. Nembo imemezwa na vumbi. Boneti haina mifereji, na hakuna kiatu cha farasi. Kwa hiyo tuliweza kusema gari *si* lipi, ingawa hatukuweza bado kusema ni lipi. Mjukuu mkubwa alinuna kidogo. Nikamwambia kwamba mtu aliyepotelewa na ng'ombe akijua boma ambamo hayumo, ameshapunguza safari.

"Na rangi yake, Babu?" akauliza mdogo wao.

Swali zuri, kwa sababu zamani magari ya mashindano yalipakwa rangi ya taifa: Waingereza kijani, Wafaransa buluu, Waitalia nyekundu, Wajerumani nyeupe. Lakini picha isiyo na rangi ni ya kuogopa. Filamu nyingi za zamani hazikuiona rangi nyekundu. Iligeuka kuwa nyeusi, na buluu ikageuka kuwa karibu na nyeupe. Gari linaloonekana jeusi kwenye picha linaweza kuwa liling'aa kama nyanya. Rangi tuliiacha.

Springi na rula

Kisha nikawaambia watazame chini ya gari, mahali ambapo wengi hawatazami. Bodi ya gari hubadilishwa. Fundi hodari anaweza kuiondoa yote akaweka ya bati alilolipiga mwenyewe. Chasisi na springi hazibadilishwi kirahisi hivyo. Ni kama mtu na nguo zake: shati utabadili, mifupa ni ile ile.

Mbele ya gari, chini ya rejeta, ilionekana springi ya vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Lakini haikulala kufuata urefu wa gari kama kwenye malori yetu. Ilikuwa imekatiza, kutoka gurudumu hadi gurudumu, kama nira juu ya shingo za maksai wawili. Nyuma kulikuwa na springi fupi zilizochomoza kutoka mwisho wa chasisi, kila upande moja.

Magari mengi hayakufanywa hivyo. Ford Model T ya Marekani ilikuwa na springi iliyokatiza mbele, lakini na nyuma pia ilikatiza. Ile MG ndogo ya mwaka 1929, gari lililopendwa sana na vijana wa mbio, springi zake zote zilifuata urefu wa gari. Springi iliyokatiza mbele na springi fupi zilizochomoza nyuma, hiyo ilikuwa alama ya Austin Seven.

"Babu unakisia," akasema mjukuu wa kike.

"Basi leta rula."

Hapa ndipo hesabu ya shule inapopata kazi. Hatukujua gari lile lilikuwa na urefu gani, lakini uwiano hauhitaji kujua urefu. Tulipima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma: milimita 70. Tukapima kimo cha gurudumu moja na tairi yake: milimita 25. Sabini gawa kwa 25 ni 2.8. Maana yake, kati ya gurudumu na gurudumu ungeweza kupanga karibu magurudumu matatu.

Sasa tulinganishe na magari halisi. Ford Model T ilikuwa na inchi 100 kati ya ekseli na ekseli, na tairi zake zilikuwa na kimo cha inchi 30. Mia gawa kwa 30 ni 3.3. Imezidi mno. Austin Seven ya mwanzo ilikuwa na inchi 75 kati ya ekseli, kama sentimita 190, na tairi za inchi 26. Sabini na tano gawa kwa 26 ni 2.9 kasoro kidogo.

"Lakini sisi tumepata 2.8," akasema mkubwa, "imepungua."

Imepungua kwa sababu mpiga picha hakusimama ubavuni hasa. Alisogea mbele kidogo. Kitu kirefu kikitazamwa kwa mshazari huonekana kifupi. Simama uitazame trela ya ng'ombe kutoka pembeni, kisha sogea kuelekea mbele yake, utaona inavyojikunja machoni pako. Kupungua kidogo tulikutarajia. Kuzidi ndiko kungetutia wasiwasi.

Usukani uliohama

Nilikuwa nimeanza kujipongeza moyoni pale mjukuu wa kike aliponivuruga. Aliweka kidole juu ya Mzungu wa pichani.

"Babu, ameketi kushoto."

Nikavaa miwani vizuri. Kweli. Usukani ulikuwa upande wa kushoto. Na sisi huku, kama Uingereza, tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo usukani hukaa kulia. Austin iliyotengenezwa Uingereza ikaletwa Kenya usukani wake ungekuwa kulia. Usukani wa kushoto ni wa Marekani, au wa kule Congo. Hesabu yetu yote ilitaka kuporomoka.

Tulikaa kimya. Mdogo wao, ambaye alikuwa amechoshwa na mambo ya springi, alikuwa akicheza na vifungo vya shati lake. Nikamtazama, na jambo likanijia.

"Hebu nyosha shati," nikamwambia. "Mfuko wako uko upande gani?"

"Huu," akagusa kifua, upande wa kushoto, juu ya moyo.

Shati la kiume lenye mfuko mmoja hushonwa mfuko kushoto, na vifungo vyake hukaa upande wa kulia wa mvaaji, matundu upande wa kushoto. Nguo ya kike aghalabu hufungwa kinyume chake. Wewe msomaji jitazame sasa hivi, kisha mtazame dada au kaka yako. Tukarudi kwenye picha na kioo cha kukuza. Shati la Mzungu lilikuwa na mfuko upande wa kulia. Shati la kijana lilikuwa na mfuko upande wa kulia pia, na vifungo vyote vimefungwa kama vya gauni.

Wanaume wawili, mashati mawili, na yote yameshonwa kinyume siku moja? Mjukuu wa kike alifumbua macho. "Picha imegeuzwa!"

Ndivyo ilivyokuwa. Zamani picha ilisafishwa kutoka kwenye negativu, ile filamu inayopitisha mwanga. Negativu ina pande mbili, na anayesafisha picha akiiweka kwa upande usiofaa, kulia kunakuwa kushoto. Maneno yangetufichulia kosa hilo mara moja, kwa kuwa yangesomeka kinyumenyume. Lakini gari letu halikuwa na neno lolote linalosomeka, ila namba tu, na namba yenyewe ni 8. Nane haina kushoto wala kulia. Ukiigeuza unabaki na nane. Laiti gari lingepewa namba 7, kosa lile lisingekaa sandukuni miaka sabini.

Mkubwa hakusubiri. Alikimbia na picha hadi kwenye pikipiki ya baba yake iliyoegeshwa chini ya mwembe, akaielekeza kwenye kioo cha pembeni. Tukabanana vichwa vinne mbele ya kioo kimoja. Mle ndani usukani ulikuwa umehamia kulia mahali pake. Mifuko imerudi juu ya mioyo. Gari likawa la Waingereza tena.

Gari la kila mtu

Ngoja kwanza niwaeleze Austin Seven ni gari gani, maana kisa chake ni cha vijana.

Mwaka 1921 Herbert Austin, mwenye kiwanda cha Longbridge karibu na Birmingham, alitaka gari dogo la bei nafuu. Wakubwa wenzake kiwandani hawakulitaka. Akachukua mchoraji mmoja kijana, Stanley Edge, mwenye miaka 18, akamweka nyumbani kwake achore. Gari likatoka mwaka 1922. Injini yake ndogo ya silinda nne haikufika hata sentimita za ujazo 750. Leo kuna pikipiki zenye injini kubwa kuliko hiyo. Lakini watu wa kipato cha kawaida waliweza kulinunua, na kufikia mwaka 1939 yalikuwa yametengenezwa karibu 290,000.

Kwa kuwa yalikuwa mengi, rahisi na mepesi, vijana wenye spana na ndoto waliyafanya wanachotaka. Walinunua lililochoka, wakavua bodi, wakang'oa madigadi na taa kupunguza uzito, wakapiga bati jembamba, wakaingia nalo mashindanoni. Magari hayo ya kuungaunga hayakufanana. Kila fundi na lake. Mwaka 1929, katika mashindano makubwa ya Ulster huko Ireland ya Kaskazini, Austin Seven ya mbio ilishika nafasi ya tatu nyuma ya magari makubwa kuliko yenyewe. Colin Chapman alitengeneza gari lake la kwanza kutoka kwenye Austin Seven kuukuu mwaka 1948, na kutoka hapo ikazaliwa Lotus. Bruce McLaren wa New Zealand alijifunzia mbio kwenye Austin Seven akiwa bado kijana wa shule. Jina la McLaren mnaliona hadi leo kwenye Formula 1.

Ndiyo maana gari kama letu ni gumu kulitambua. Mifupa yake ni ya kiwandani, ngozi yake ni ya gereji. Ukifungua vitabu huoni bodi ile, kwa sababu ilitengenezwa moja tu duniani, pengine kwa nyundo na mapipa ya mafuta.

Na lilikimbia wapi? Baada ya Vita Kuu ya Pili, karibu na Gilgil upande wa Nakuru, walowezi walikimbiza magari kwenye barabara zilizoachwa na kambi ya jeshi, mahali palipoitwa Langa Langa. Walizunguka, wakazunguka tena. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil alipomkaribisha binamu yake Neil Vincent aje kushindana hapo, Vincent alimjibu kwamba kuzunguka mahali pamoja kunachosha. Heri mtu aingie garini, afunge mlango, akate nusu ya Afrika na kurudi. Kutoka kwenye mzaha huo yakazaliwa mashindano ya Safari. Baba mkubwa alifanya kazi gereji ya huko huko, miaka hiyo hiyo. Gari lisilo na taa lilifaa kuzunguka mchana, halikufaa kukata Afrika usiku. Siapi kwamba picha ilipigwa Langa Langa. Nasema tu nyayo zote zinaelekea huko.

Spana

Nilidhani tumemaliza. Mkubwa na dada yake walikuwa wanabishana nani aliyegundua nini. Mdogo wao peke yake alibaki kwenye kioo cha pikipiki, akipeleka picha mbele na nyuma.

"Babu," akasema, "mbona na huyu amehama?"

"Nani?"

"Huyu wa spana. Amehamisha mkono."

Nikainama. Ndani ya kioo kijana wa kofia alikuwa amesimama vile vile, mabega yale yale. Spana ilikuwa kwenye mkono wa kushoto.

Sikusema kitu kwa muda. Saa nzima nilikuwa nimehamisha usukani, mifuko na vifungo, na mtu sikumhamisha. Mtoto asiyejua springi ndiye aliyemwona.

Tulikwenda wote wanne kwa mama mkubwa. Siku hizi macho yake yameingia ukungu. Anakutambua kwa sauti na kwa namna unavyovuta kiti. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo Bibi." "Marahaba, wajukuu zangu. Mbona mmekuja kama mkutano?"

Nikamweleza taratibu. Nikamwambia, "Mama mkubwa, ile picha ilisafishwa kwa upande usiofaa. Mkono tulioudhani ni wa kulia ulikuwa wa kushoto."

Aliomba apewe picha. Aliishika tu, akaipapasa kingo zake za mawimbi kwa kidole gumba. "Kwa hiyo chuma kilikuwa mkono wa shoto."

"Ndiyo, Mama."

"Na gari dogo? Halina mlango?"

"Halina mlango, halina madigadi."

Akacheka kicheko cha chini, cha zamani. "Basi ni yeye. Aliwahi kuniambia kuhusu kigari cha hivyo."

"Mbona hukutueleza miaka yote hii?"

"Mlikuwa mnaniuliza ni nani. Kuhusu gari hamkuniuliza hata siku moja."

Nakuomba wewe unayesoma, leo au kesho, utoe picha za nyumbani kwenu, zile za sandukuni au za kwenye simu, ukae na mzee mmoja. Uliza majina. Uliza na vilivyo pembeni: kiti, baiskeli, nguo, mti. Ile ya karatasi, andika nyuma yake kwa penseli laini, usikandamize. Gari lina namba iliyogongwa kwenye chuma chake, na huko Uingereza kuna makumbusho na vyama vinavyotunza orodha za magari hayo. Kijana aliyeshika spana kando yake hakugongwa namba popote. Wapiga picha wa enzi zile waliandika jina la dereva na jina la gari, yeye wakampita.

Mjukuu wa kike aliandika pale pale, kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la sita, chini ya yale maneno "Safari 1953" ambayo hatukuyagusa. Kwanza aliandika jina la babu yao mkubwa, lote, pamoja na la baba yake. Chini yake akaandika *mwenye shoto*. Kisha, mwisho, *Austin Seven ya kuungaunga. Picha imegeuzwa.*

"Nisomee," akasema mama mkubwa.

Akamsomea. Mama mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Ongeza jambo moja," akasema. "Andika kwamba halikuwahi kuwaka bila yeye kulisukuma."